Kwa nini Wi-Fi huzidiwa ukumbi unapojaa

Tarehe 7 Juni 2010, jijini San Francisco, Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alikuwa jukwaani akiitambulisha simu mpya ya iPhone 4. Akataka kufungua ukurasa wa gazeti la New York Times mbele ya hadhira. Ukurasa ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma tena. Baadaye aliwaeleza waliohudhuria kilichotokea: ndani ya ukumbi ule vilikuwapo vituo 570 vya Wi-Fi vikirusha mawimbi kwa wakati mmoja. Vingi vilikuwa vile vifaa vidogo vya mfukoni, kila mtu kaja na chake ili awe na intaneti yake mwenyewe. Ilibidi awaombe wazime Wi-Fi na waweke laptopu zao sakafuni ndipo maonyesho yaendelee.

Kampuni ile haikupungukiwa na fedha, wala wahandisi, wala kasi ya laini. Kilichokwisha ni hewa. Sisi huku tunaposema “mtandao unasumbua”, wa kwanza kulaumiwa ni mtoa huduma, na dawa ya kwanza ni kuongeza bando. Nimeyaona hayo katika chuo kimoja nilichoitwa kusaidia. Kina ukumbi wa viti 600, na mitihani ilikuwa imeanza kufanyika kwa kompyuta. Ruta tatu kubwa zilifungwa juu ya jukwaa, zote zinawaka taa vizuri. Wanafunzi mia moja wakiingia, kazi inakwenda. Wakifika mia tatu, kurasa zinazunguka tu. Uongozi ulikuwa umeshapandisha laini kutoka megabiti 50 kwa sekunde hadi 200, na bili imepanda nayo, lakini hali ikabaki ileile. Binti mmoja aliniambia alijibu maswali yote arobaini, akabonyeza kitufe cha kuwasilisha, saa ikaisha huku kidude kinazunguka. Jambo hilo halikustahili kumpata, na lingeweza kuzuiwa kabla hata ya kununua kifaa kimoja zaidi.

Kuanza kulielewa, tuweke wazi kwamba Wi-Fi ni redio, na redio ya zamu. Ndani ya chaneli moja, yaani kipande kimoja cha masafa ya redio, kwa Wi-Fi ya kawaida iliyojaa mitaani kwetu, ni kifaa kimoja tu kinachoweza kusema kwa wakati mmoja. Ruta ikiwa inaitumia simu yako picha, simu ya jirani yako inanyamaza na kusubiri, na ruta yenyewe haiwezi kusikia huku inasema. Hakuna msimamizi wa kuita majina. Kila kifaa husikiliza kwanza. Kikisikia kimya, hubahatisha muda mfupi wa kungoja, kisha hutuma. Vifaa viwili vikiangukia muda uleule, ujumbe wote unaharibika, na hakuna anayejua hadi pale jibu la “nimepokea” linapokosekana. Hapo kila kimoja hurudia, na safari hii hungoja zaidi.

Adabu hii ina historia. Mwaka 1971, katika visiwa vya Hawaii, Norman Abramson na wenzake waliwasha mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet, uliounganisha kompyuta za visiwani bila waya. Mwenye la kusema alisema tu, na ujumbe ukigongana ulirudiwa. Hesabu zikaonyesha kwamba kwa mtindo huo, hata mambo yakienda vizuri kabisa, ni asilimia 18 hivi tu ya muda wa hewa unaotumika kwa faida. Kugawa muda kwa vipande kuliifikisha asilimia 37. Wi-Fi, iliyopata kiwango chake cha kwanza mwaka 1997 kwa kasi ya megabiti 2, ina adabu zaidi kwa sababu husikiliza kabla ya kusema. Hata hivyo, watu wakiongezeka, migongano na kungoja huongezeka kwa kasi kuliko idadi yao. Ndiyo maana ukumbi wa chuo kile haukuchoka polepole. Uliporomoka.

Foleni ya bomba na dumu la mdomo mwembamba

Fikiria bomba la maji la mtaani asubuhi. Watu wamepanga ndoo. Mwenye ndoo ya mdomo mpana anafungulia maji yote, anajaza, anaondoka. Kisha anafika mwenye dumu la mdomo mwembamba. Inabidi afungulie kidogo kidogo, na foleni nzima inamtazama yeye. Bomba halijapunguza nguvu. Zamu yake ndiyo imekula muda.

Simu iliyo karibu na kituo cha Wi-Fi husema kwa kasi kubwa. Iliyo mbali, au iliyojificha nyuma ya nguzo, au ya zamani, hushusha kasi ili isikike. Kipande kimoja cha data cha baiti 1,500 ni biti 12,000. Kwa kasi ya megabiti 54 kwa sekunde, kipande hicho kinakula milisekunde 0.22 za hewa. Kwa kasi ya megabiti 1, kinakula milisekunde 12, mara hamsini na nne zaidi. Utaratibu wa Wi-Fi kwa asili yake huwapa wote haki sawa ya zamu, wala hauangalii zamu inachukua muda gani. Kwa hiyo simu moja inayojikokota mlangoni huwashusha walioketi mbele, wenye simu nzuri, wanaoona mistari yote ya mawimbi imejaa na wasijue kwa nini kurasa hazifunguki.

Hili ndilo neno ningependa kila anayepanga Wi-Fi ya watu wengi alishike: kinachogawanywa ni muda wa hewa. Megabiti za laini ya nje zinakuja baadaye kabisa. Swali la “mawimbi yanafika wapi?” linafaa nyumbani, ambako watu ni watano. Ukumbini swali ni “katika kila sekunde moja ya chaneli hii, wangapi wanaigombania, na kila mmoja anakula kiasi gani?”

Ukilishika hilo, mambo kadhaa yanayoonekana kinyume na akili yanaanza kueleweka. La kwanza ni kuzima kasi za chini. Vituo vingi vya Wi-Fi vya ofisi humruhusu fundi kukataza megabiti 1, 2, 5.5 na 11. Unapofanya hivyo, kifaa kilicho mbali sana hakiunganishwi kabisa, na kinatafuta kituo kilicho karibu nacho zaidi. Watu huogopa kwamba wanawanyima wengine huduma. Ukweli ni kwamba mwenye dumu anaelekezwa bomba la jirani, sharti tu bomba hilo liwepo.

La pili ni majina ya mitandao. Pale chuoni nilikuta majina matano: la wanafunzi, la walimu, la wageni, la utawala, na moja la majaribio ambalo hakuna aliyekumbuka aliliweka lini. Kila jina hujitangaza hewani karibu mara kumi kwa sekunde, mtu awepo asiwepo, na tangazo hilo hutumwa kwa kasi ya chini kabisa inayoruhusiwa ili kila mtu alisikie. Tangazo la baiti 250 hivi kwa megabiti 1 linachukua zaidi ya milisekunde mbili. Mara kumi kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya asilimia 2 ya hewa kwa jina moja kwenye kituo kimoja. Majina matano kwa ruta tatu zilizokuwa kwenye chaneli ileile: zaidi ya asilimia 30 ya hewa imekwisha kabla hajaingia mwanafunzi hata mmoja. Tulibakisha majina mawili. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi na haikugharimu hata shilingi.

Chaneli: kidogo kilichopo na namna ya kukigawa

Ruta zote tatu zilikuwa chaneli namba 6, katika masafa ya gigahezi 2.4. Masafa haya yana namba 1 hadi 13 katika nchi nyingi, na namba hizo huwadanganya watu. Zimepishana megahezi 5 tu, wakati kila chaneli ina upana wa megahezi 20, kwa hiyo chaneli 1 na 2 zinakaliana. Zisizogusana, kwa mpangilio wa kawaida, ni tatu tu: 1, 6 na 11. Hapohapo pana Bluetooth, spika zisizo na waya, na jiko la maikrowevu la mgahawa wa jirani.

Kwa umati, matumaini yako kwenye gigahezi 5. Marekani, ambako sehemu kubwa imefunguliwa, huko kuna chaneli 25 hivi za megahezi 20. Ulaya ni 19 za matumizi ya ndani ya majengo. Kila nchi ina mamlaka yake inayosema kipi kinaruhusiwa, kwetu Tanzania TCRA, kwa jirani zetu Wakenya CA, na fundi anatakiwa aweke nchi sahihi kwenye mipangilio ya kifaa. Baadhi ya chaneli hizo zinatumiwa pia na rada, zikiwamo za hali ya hewa. Kituo cha Wi-Fi kinapotaka kuzitumia ni lazima kisikilize angalau dakika moja kwanza, na kikisikia rada kihame na kukaa nje nusu saa. Ukumbi ukiwa karibu na uwanja wa ndege, lijaribu hili mapema, maana kituo kikihama katikati ya mtihani, wote waliokitegemea wanahama nacho.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata mafundi wazuri. Vifaa vingi vipya hutoka kiwandani vimewekewa chaneli pana za megahezi 80, kwa sababu kwenye boksi inaandikwa kasi ya kutisha. Chaneli pana ni kama kugonga kuta za madarasa manne upate ukumbi mmoja: anayesema anasikika na wote, na bado anasema mmoja tu. Zile chaneli 25 zinabaki 6. Kwa watu mia sita ni afadhali ubaki na madarasa mengi madogo. Megahezi 20, basi. Kila mtu atapata kasi ndogo zaidi kwenye kipimo cha mtu mmoja, na ukumbi mzima utapata mara kadhaa zaidi.

Masafa ya gigahezi 6, ambayo Marekani iliyafungua mwaka 2020, yanaongeza nafasi kubwa sana, na toleo la sita la Wi-Fi, yaani Wi-Fi 6, lilileta utaratibu wa kukata chaneli moja ya megahezi 20 iwahudumie hadi watumiaji tisa kwa mpigo mmoja, ruta ikipanga zamu. Ni hatua nzuri kweli. Lakini faida hiyo huipata simu inayoielewa lugha hiyo tu, na wanafunzi wetu wengi wanashika simu za miaka mingi nyuma au zilizonunuliwa mtumba. Panga kwa simu zilizo mikononi mwao.

Hesabu ya ukumbi

Viti 600. Kila mtu ana simu, na kwa mtihani baadhi wana laptopu pia. Nachukua vifaa 900 hadi 1,200 vitakavyojiunga. Vinavyofanya kazi kwa sekunde ileile ni vichache zaidi; kwa ukumbi wa mihadhara nachukua 300, na kila kimoja nakipa megabiti 1, inayotosha kusoma, kutuma majibu na kupokea picha. Jumla megabiti 300.

Simu nzuri ya Wi-Fi 5 yenye antena mbili, kwenye megahezi 20, huandika kasi ya juu ya megabiti 173. Hiyo ni kasi ya redio, na ukitoa kungoja, majibu na migongano, huwa imebaki nusu hata ikiwa peke yake. Umati ukiwa mchanganyiko mimi husimama kwenye megabiti 50 kwa chaneli, na sijawahi kujuta kwa kuwa mwangalifu. Mia tatu gawa kwa hamsini ni chaneli sita. Ongeza mbili za akiba: vituo vinane, kila kimoja na chaneli yake ya gigahezi 5, kila kimoja kikibeba vifaa 100 hadi 150 vilivyojiunga. Redio za gigahezi 2.4 unaziacha kwenye vituo vitatu tu, chaneli 1, 6 na 11, na kwingine unazizima. Mwenye nyumba akiuliza kwa nini umelipia redio na umeizima, mweleze kwamba ikiwaka itamsumbua mwenzake mwenye chaneli ileile.

Kila kituo kiwe na kebo yake hadi kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kebo zote. Vile vituo vinavyopokezana bila waya vinafaa nyumbani. Ukumbini kila ujumbe unarushwa mara mbili, na hewa ndiyo tuliyoishiwa.

Kuhusu nguvu ya mawimbi, watu wanapenda kuiweka juu kabisa. Mhutubu mwenye kipaza sauti husikika uwanja mzima, ila muulizaji aliye nyuma, asiye na kipaza sauti, hasikiki jukwaani. Simu ndiyo muulizaji huyo: redio yake ni dhaifu kuliko ya kituo. Ukipaza kituo, simu inaona mistari mitano na inang'ang'ania, wakati kituo hakiisikii. Shusha nguvu zikaribiane. Kituo kikihudumia eneo dogo, simu inachagua kilicho karibu, na inasema haraka.

Na upimaji ufanywe watu wakiwa wameketi. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hunywa mawimbi haya. Ukumbi mtupu hupima vizuri sana siku ya Jumapili. Ndiyo sababu vituo hufungwa juu ya dari vikitazama chini, juu ya vichwa. Wajenzi wa viwanja vikubwa wamekwenda mbali zaidi na kuugeuza mwili kuwa ukuta: huficha vituo chini ya viti, na miili ya mashabiki inazuia mawimbi yasivuke kwenda safu za mbali. Uwanja wa Levi's kule California ulifungwa hivyo, vituo takriban 1,200, na wakati wa Super Bowl ya 2016, fainali ya mpira wa Kimarekani, Wi-Fi yake ilibeba terabaiti 10 za data kwa siku moja. Afrika Mashariki tunaipokea AFCON ya 2027, na Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000. Wanaopanga wahesabu viti kwanza, ndipo wafungue orodha ya bei.

Yaliyojificha nyuma ya redio

Redio zikishapangwa, kuna matatizo ambayo kwa mtumiaji yanafanana kabisa na Wi-Fi mbovu. Mojawapo lilikuwa pale chuoni, na lilituchelewesha siku mbili. Kila kifaa kinapojiunga hupewa anwani ya IP, yaani namba yake ya kutambulika mtandaoni, na mpangilio wa kawaida wa ruta hutoa zisizozidi 254, kila moja ikishikiliwa kwa saa 24. Kikundi cha asubuhi cha wanafunzi 250 kiliingia, kikafanya mtihani, kikaenda kula, anwani zao mifukoni. Kikundi cha mchana kikakuta ghala tupu: mistari imejaa, intaneti hakuna. Tulipanua ghala hadi anwani 2,046 na kufupisha umiliki hadi saa moja. Kumbuka pia kwamba simu iliyopita tu barabarani ikiwa inaijua Wi-Fi yako, imechukua anwani.

Ruta ya mlango wa nje, ile inayouunganisha ukumbi na intaneti, nayo ina kikomo. Anwani moja ya nje ina takriban nafasi 65,000 za mawasiliano, na simu moja yenye WhatsApp, barua pepe na mitandao ya kijamii hufungua makumi ya mawasiliano bila mwenyewe kugusa kitu. Zidisha kwa 900. Ruta ya bei rahisi huanza kuyaangusha kabla hata ya kufika huko, kumbukumbu yake ikijaa.

Kwa mitihani nasisitiza jambo moja zaidi: seva, yaani kompyuta inayobeba mtihani, ikae ndani ya chuo. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti iliyumba Tanzania na kwa majirani. Mtihani ulio kwenye seva ya chumba cha pili hauhitaji kuvuka bahari. Na umeme: swichi na vituo viwe kwenye betri, kwa kuwa umeme ukikatika sekunde tano tu, vifaa 900 vinarudi mlangoni vyote pamoja kuomba anwani.

Bado kuna zile ruta za mifukoni zilizomshinda Jobs. Wapo wanaoshauri zizuiwe kwa mitambo. Msikubali. Mwaka 2014 hoteli za Marriott zilitozwa dola 600,000 na mamlaka ya mawasiliano ya Marekani kwa kuzivuruga ruta za wageni katika hoteli yao moja ya Nashville. Mtu huwasha yake pale ya ukumbi inapomwangusha. Tangazeni jina la mtandao na nenosiri ukutani kwa herufi kubwa, iwe inafanya kazi tangu dakika ya kwanza, na nyingi zitabaki mfukoni zimezimwa.

Pale chuoni tulifunga vituo vinane darini, tukaziondoa zile ruta tatu za jukwaani, tukaiacha laini ya nje kama ilivyokuwa. Mtihani uliofuata nilisimama karibu na mlango na laptopu yangu, nikiangalia namba. Vifaa 640 vilijiunga. Kituo kilichobeba wengi kilikuwa na 97. Laini ya nje, zile megabiti 200 zilizonunuliwa kwa uchungu, haikuvuka 90.